Hatua Elfu Kumi na Chupa Kutoka Entebbe

Mwezi wa Machi wa mwaka 2025, ambao karibu wote uliangukia Ramadhani, nilikuwa mgeni wa binti wa marehemu dada yangu katika upande wa mashariki wa London, na kila jioni, tukisha kufuturu kwa tende na uji na kitu kidogo cha moto, kabla ya Isha na tarawehe, mwenyeji wangu alikuwa akivaa koti zito na viatu vya raba, akiitazama simu yake ya mkononi kama msafiri anavyotazama saa, akisema, “Mjomba, bado elfu tano na mia mbili,” kisha akatoka kwenda kuzunguka mitaa katika baridi ambayo mimi, mtu niliyekulia Unguja, sikuona sababu ya mja aliyeshinda na funga kuifuata nje kwa hiari yake.

Alikuwa amejitia katika shughuli inayoandaliwa na jumuiya ya Cancer Research UK katika mwezi huo wa Machi, ambayo sharti lake ni jepesi kulitaja: mshiriki atembee hatua 10,000 kila siku, siku zote 31, na awaombe jamaa na marafiki wamtolee fedha kwa ajili ya utafiti wa saratani. Waingereza wameipa jina la Walk All Over Cancer, jina lenye maana mbili kwa pamoja, ya kutembea na ya kukanyaga, na kwa hiyo linamridhisha mtu ambaye maradhi hayo yamemwondolea mama yake. Kwa mtu wa miguu ya kadiri, hatua 10,000 ni kiasi cha kilomita 7, na hatua 310,000 za mwezi mzima zingemtoa mtu Dar es Salaam zikamfikisha Morogoro, tena zikabaki za kumzungusha sokoni. Mpwa wangu ni mhasibu. Kutwa yuko kitini, na safari yake ya kwenda kazini na kurudi, pamoja na ngazi zote za stesheni, haikumlipia zaidi ya nusu ya deni lake. Nusu ya pili ilidaiwa usiku.

Lakini deni la miguu lilikuwa jepesi kuliko deni la mdomo. Siku ya kwanza aliandika ujumbe kwa jamaa zake waliotawanyika Unguja, Dar es Salaam, Mombasa na Maskati. Aliuandika akaufuta mara nne mbele ya macho yangu, ameingiwa na soni kana kwamba anatembeza bakuli mlangoni mwa msikiti. Majibu yalikuja ya kila namna, ya dua na ya fedha, ila ami yake aliyeko Maskati, mzee wa maneno machache, hakuleta dua wala fedha. Alileta swali: “Mwanangu, wewe ukitembea London, mgonjwa atapataje nafuu?”

Swali hili halikutoka katika ubahili, na mwenye kulipokea kwa hasira atakuwa amelikosea. Sisi watu wa pwani ni wepisi wa kuchanga: tunachangia arusi, tunachangia maziko, tunamchangia mgonjwa apelekwe India na mwanafunzi aliyekwama na ada. Lakini michango yetu ina uso. Bwana arusi tunamjua, sanda tumeiona ikikatwa, na mgonjwa akirudi tutakwenda kumwangalia tumwulize ya huko alikotoka. Mchango wa utafiti hauna uso. Mtu huombwa atoe kwa ajili ya mgonjwa ambaye hajaugua, huenda hata hajazaliwa, kwa dawa ambayo haijapewa jina, itakayotafutwa na mtaalamu ambaye aweza kuitafuta miaka kumi asiipate. Nadhani ndiyo sababu matembezi haya yakabuniwa. Hayamponyi mtu, bali humpa mwombaji kitu cha kushika aendapo kuomba. Kwani mkono mtupu haulambwi, na sisi sote huona tabu kumnyima mtu aliyekwisha kujitaabisha.

Aliyelifahamu vema jambo hili alikuwa tabibu mmoja wa Marekani, Gordon Klatt, mpasuaji wa saratani za utumbo katika mji wa Tacoma, ambaye mwezi wa Mei 1985 aliingia katika uwanja wa michezo wa chuo kikuu akauzunguka kwa muda wa saa 24, mara akikimbia, mara akitembea, hata akatimiza maili zaidi ya 83, na rafiki zake wakalipa dola 25 kila mmoja ili wapewe ruhusa ya kuandamana naye kwa nusu saa. Hakuwauzia kitu ila uchovu wake, na mzunguko wa saa ulipotimia alikuwa amekusanya dola 27,000. Kutokana na usiku ule yakazaliwa matembezi ya Relay For Life, ambayo leo hufanywa katika nchi nyingi. Miaka mitano kabla yake kijana wa Kanada, Terry Fox, aliyekatwa mguu kwa saratani ya mfupa, alikuwa amekimbia kilomita 5,373 kwa mguu mmoja wake na mmoja wa bandia, mpaka maradhi yalipomrudia mapafuni yakamsimamisha njiani. Lakini habari yake inastahili makala peke yake, wala sitaki kuipunja.

Na hiyo elfu kumi yenyewe, ambayo mpwa wangu aliiheshimu kama nadhiri, haikutoka kwa matabibu. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani ilitoa kidude cha kuvaa kiunoni cha kuhesabia hatua, ikakiita manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi, kwa kuwa elfu kumi ni hesabu iliyotimia na inakaa vizuri mdomoni mwa muuzaji. Utafiti uliotangazwa mwaka 2019, uliowahusu wanawake wazee zaidi ya 16,000 wa Marekani, ulionyesha kwamba vifo vilikuwa vichache kwa waliotembea hatua 4,400 kwa siku kuliko kwa waliotembea 2,700, na kwamba faida iliendelea kupanda hata kufikia 7,500 au karibu yake, kisha ikatulia. Nilimweleza habari hii usiku mmoja wa mvua, kwa nia njema ya kumpunguzia adhabu. Alinijibu, “Mjomba, watu wameahidi kwa elfu kumi,” akafunga kamba za viatu.

Tuje katika fedha zenyewe. Jumuiya ile ya Cancer Research UK iliundwa mwaka 2002 kwa kuunganishwa jumuiya mbili za zamani, moja ya mwaka 1902 na moja ya 1923, na utafiti wake hautegemei hazina ya serikali, bali hutegemea hiba za watu, wasia wa marehemu na maduka ya vitu vilivyokwisha kutumika. Mkono wa serikali huonekana katika jambo hili: kila pauni 1 ikitolewa na mlipa kodi anayekubali kuandikisha jina lake, serikali huiongezea peni 25 kutokana na kodi aliyokwisha kutozwa, jambo ambalo mpwa wangu, kwa kuwa ni mhasibu, alilisimulia kwa furaha kubwa kuliko habari nyingine zote.

Fedha zikisha kupatikana, ugumu uko katika maradhi yenyewe. Waarabu waliyaita kwa jina la kaa, saratani, kama Wayunani walivyoyaita kabla yao, kwa sababu ya mishipa iliyoonekana kutapakaa kandokando ya uvimbe kama miguu ya mnyama huyo. Na naona jina limefaa kwa sababu ya pili, kwamba kaa haendi mbele, huenda upande, ambako hakutazamiwa. Chembe za mwili, ambazo kazi yake ni kugawanyika kwa kipimo na kufa kwa wakati wake, hupotewa na ile hesabu, zikawa hazijui kusita. Wala si maradhi mamoja, ni zaidi ya namna 200, kila moja na tabia yake na mlango wake wa kuingilia, na kila mlango hudai mtu wa kuukalia akiuchungulia kwa miaka.

Jioni moja ya kumi la pili nilimpigia simu ami yake Maskati, nikamsimulia habari ya chupa, ambayo ni ya kwetu zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, mpasuaji wa Kiayalandi aitwaye Denis Burkitt, mtu wa jicho moja tangu utotoni, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya zote, za juu na za chini, kulia na kushoto, hali ambayo hakupata kuiona. Na haukupita muda mrefu, akizuru hospitali ya Jinja, akamwona wa pili. Mtu mwingine angesema ni sadfa. Burkitt akaanza kuuliza, kwanza kwa barua, kisha, Oktoba 1961, kwa miguu ya gari: yeye na wenziwe wawili walipanda gari kuukuu la Ford wakashuka kupitia Tanganyika mpaka Afrika ya Kusini na kurudi, maili 10,000 kwa wiki 10, wakiingia hospitali moja baada ya moja na picha mkononi, wakiuliza kama watoto wa namna hii wameonekana hapo. Walichorudi nacho ni ramani, nayo ilionyesha kwamba maradhi yamekaa katika nchi za joto na mvua, na kwamba hukoma penye miinuko ya baridi, kana kwamba yana mdudu wa kuyabeba.

Kabla ya safari hiyo, Machi 1961, Burkitt alikuwa amehutubia London katika hospitali ya Middlesex, na miongoni mwa wasikilizaji wake alikuwapo mtaalamu kijana, Anthony Epstein, aliyetoka chumbani mle na yakini kwamba chanzo cha uvimbe ule ni virusi. Jumuiya ile ya 1923 ikamsaidia gharama za kwenda Uganda, na ikapangwa kwamba vipande vya uvimbe vipakiwe katika ndege ya usiku Entebbe vifike London asubuhi. Kwa miaka miwili na zaidi vililetwa, na Epstein akavichungulia kwa hadubini ya elektroni, asione kitu.

Hapa mzee alinikatiza. “Miaka miwili, kwa fedha za watu?”

Nikamwambia ndiyo, kwa fedha za watu.

Basi siku moja ya Disemba 1963 London ilifunikwa na ukungu, ndege ikaelekezwa Manchester, na chupa ikafika maabara mwisho wa mchana, majimaji yaliyomo yamechafuka kama maji yaliyooshewa mchele. Ilionekana kana kwamba yameingiwa na bakteria, na mtu aliyechoka angeyamwaga akaenda zake nyumbani. Epstein alichukua tone akalitia chini ya hadubini ya kawaida, akaona kumbe uchafu ule ni chembe za uvimbe zenyewe, zilizotikiswa njiani zikabanduka, zikielea moja moja, hai. Chembe hizo zikakubali kuoteshwa chupani, jambo lililokuwa limewashinda siku zote, na mapema mwaka 1964 zikatoa siri yake: virusi, ambavyo mpaka leo huitwa kwa jina la Epstein na la msaidizi wake Yvonne Barr. Mwenzao wa tatu, Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, jina lake limo katika makala ya kwanza lakini halikuingia katika jina la virusi, nami sioni kuwa alitendewa insafu. Hivyo vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kuwa vinahusika na saratani ya binadamu. Watu wazima walio wengi duniani wanavyo bila kudhurika. Huleta uvimbe ule kwa watoto ambao malaria imewarudia mara kwa mara na kuwadhoofisha kinga, na hii ndiyo iliyokuwa maana ya ile ramani ya joto na mvua. Na huko huko Kampala, kwa dawa zilizokuwa mpya wakati ule, Burkitt aliwaona watoto ambao taya zao zilinywea kwa siku chache, na baadhi yao wakapona kabisa.

Mzee alinyamaza kitambo, hata nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza kama mtu aliyetoa pauni moja mwaka 1961 aliweza kujua kwamba yake ndiyo iliyoingia katika nauli ile. Nikasema hakuweza. “Wala aliyewatolea nauli hakujua kutakuwa na ukungu,” akasema. Nikasema hakujua. “Basi hiyo ni sadaka ya jariya, kama kisima cha njiani, mchimbaji hamjui atakayekunywa.” Akaniaga, bila kuahidi kitu.

Siku ya mwisho, Jumatatu tarehe 31, ilikuwa Idi Mosi kwa waliongoja mwezi na Idi Pili kwa wasiongoja, maana London nayo haiafikiani juu ya mwezi kama tusivyoafikiana kwetu. Tulishinda tukiingia nyumba hii na kutoka hii, tukipewa haluwa na kahawa, na kila tulipopanda ngazi za jamaa mpwa wangu alitia mkono mfukoni kuitazama simu. Usiku, tumerudi, naye yuko jikoni na nguo zake za Idi akiweka sahani, ujumbe ukaingia kutoka Maskati: mzee ametoa rial 20, na chini yake ameandika, “Hizi si za kutembea kwako. Ni za ile chupa.”

Alinisomea kwa sauti, akaguna, akasoma tena kimyakimya. Kisha akageuza simu upande wa pili wa hesabu yake, akaenda mlangoni kutafuta raba. Zilikuwa zimebaki hatua 1,100.