"Hisa za Hazina" katika Mizania ya Benki: Tatizo la Istilahi na Athari Zake

1. Utangulizi

Makala haya yanafafanua dhana ya hisa ambazo benki imewahi kuziuza kwa wanahisa, kisha ikazinunua tena na kuzihifadhi bila kuzifuta. Tafsiri sisisi ya istilahi yake ya Kiingereza ni "hisa za hazina". Hoja inayotolewa hapa ni kwamba tafsiri hiyo humpotosha msomaji katika mambo mawili: mmiliki wa hisa hizo na thamani yake.

2. Hazina ya nani?

Katika Kiswahili cha utawala, Hazina ni chombo cha serikali kinachosimamia fedha za umma. Nchini Tanzania, Msajili wa Hazina ndiye anayesimamia hisa za serikali katika kampuni, zikiwamo zile za Benki ya NMB. Hivyo basi, msomaji akikuta "hisa za hazina" katika mizania, ana kila sababu ya kudhani kuwa ni mali ya serikali. Ilhali katika uhasibu, hazina inayokusudiwa ni ya benki yenyewe. Utata huu hauko katika Kiswahili pekee: nchini Uingereza, maneno hayohayo ya Kiingereza yametumika pia kutaja dhamana za serikali.

3. Mahali pake katika mizania

Hazina humaanisha pia akiba ya kitu chenye thamani. Maana hii huzaa kosa la pili, yaani kuzihesabu hisa hizo kuwa mali ya benki. Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu Na. 32 kinaagiza kinyume chake: zitolewe kwenye mtaji wa wanahisa, na kuzinunua au kuziuza kusizae faida wala hasara katika taarifa ya mapato.

Kanuni za Marekani nazo huzipunguza kwenye mtaji. Fifth Third Bancorp, benki ya kikanda yenye makao makuu Cincinnati, Ohio, imetoa hisa za kawaida takriban milioni 924; mwishoni mwa 2023, zaidi ya milioni 200 kati ya hizo zilikuwa zimerudi mikononi mwake. Gharama ya kuzinunua huandikwa ndani ya mabano, ishara ya kiasi hasi. Mchambuzi anayegawanya faida kwa hisa zote zilizotolewa, badala ya zile zilizo mikononi mwa wanahisa, atapata pato la kila hisa lililo dogo kuliko lile halisi.

4. Athari kwa sera

Tuchukulie kwamba benki imenunua hisa zake kwa shilingi bilioni 10. Fedha taslimu hupungua kwa bilioni 10, na mtaji vivyo hivyo, lakini amana za wateja hubaki zilezile. Kinga ya wenye amana dhidi ya hasara imepungua. Ndiyo maana kanuni za Basel III huzitoa hisa hizo katika kukokotoa mtaji wa daraja la juu. Mshauri anayeelewa "hazina" kuwa akiba ataona nguvu mahali penye upungufu.

5. Hitimisho

Inapendekezwa kutumia "hisa zilizonunuliwa tena", na kuzitenganisha na "hisa zilizofutwa". Istilahi hiyo ni ndefu, lakini inabainisha tendo lililofanyika na haiihusishi serikali. Kwa kuwa Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015 inaruhusu ununuzi wa aina hii, na benki za Afrika Mashariki zinavuka mipaka, usanifishaji wake unafaa kufanywa kwa pamoja.