Usomaji wa Sekta za Diski kwa Amri ya dd na Nafasi Yake katika Sera ya Uondoshaji wa Kompyuta za Umma

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna amri ya dd inavyosoma sekta za diski moja kwa moja, bila kupitia orodha ya mafaili. Hoja kuu ni kwamba kufuta faili na kuangamiza maudhui yake ni matendo mawili tofauti, na kwamba tofauti hiyo huonekana katika kiwango cha sekta. Makala yanapendekeza ukaguzi wa sekta uwe sharti kabla ya kompyuta ya umma kuuzwa, kugawiwa au kutupwa.

1.0 Utangulizi

Kati ya mwaka 2019 na 2022, Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi. Msingi mmojawapo wa sheria hizo ni kwamba taarifa za mtu zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika. Kwa jalada la karatasi, sharti hili huthibitishwa kwa macho: jalada huchomwa likawa majivu. Kwa diski, macho hayatoshi. Afisa anayeona saraka tupu kwenye skrini anaweza kutia saini kwamba kompyuta imesafishwa, ilhali kumbukumbu za wagonjwa au za walipakodi zingali mahali pake.

2.0 Sekta na Orodha ya Mafaili

Diski hugawanywa katika sekta zenye namba, kuanzia sifuri. Kwa miaka mingi sekta moja ilibeba baiti 512. Diski nyingi za sasa hutumia sekta za baiti 4,096. Faili ni jina lililoandikwa katika orodha, pamoja na maelezo ya sekta zinazobeba maudhui yake. Uhusiano huo unafanana na ule wa katalogi ya maktaba na rafu za vitabu.

Faili inapofutwa katika mfumo wa FAT, ambao bado hutumika katika kadi na diski mweko nyingi, baiti ya kwanza ya jina lake hubadilishwa kuwa E5 kwa hesabu ya heksadesimali, na sekta zake huandikwa kuwa ziko huru. Maudhui yenyewe hayaguswi. Kadi ya katalogi imechanwa, lakini kitabu kimebaki rafuni hadi kitabu kingine kitakapowekwa mahali pake.

3.0 Utendaji wa Amri ya dd

Amri ya dd ilikuwamo katika toleo la tano la Unix la mwaka 1974, na hadi leo imo katika mifumo ya Linux na macOS. Haijui faili wala saraka. Hunakili baiti kutoka chanzo kimoja hadi kingine. Kwa idhini ya msimamizi wa mfumo, sekta ya kwanza ya diski husomwa hivi:

dd if=/dev/sdb bs=512 count=1 | hexdump -C

Hapa if hutaja chanzo, bs ukubwa wa kila pande linalosomwa, na count idadi ya mapande. Katika diski iliyopangwa kwa utaratibu wa zamani wa MBR, baiti 446 za mwanzo ni za programu ya kuwashia kompyuta, 64 zinazofuata ni jedwali la migawanyo ya diski, na mbili za mwisho ni alama 55 AA. Kiungo skip huruka mapande: skip=2048 humfikisha msomaji, katika diski nyingi za miaka ya karibuni, mwanzoni mwa mgawanyo wa kwanza. Ikiwa mgawanyo huo ni wa NTFS, herufi hizo nne husomeka kuanzia baiti ya nne.

Tahadhari moja ni ya lazima. Kiungo of hutaja mahali pa kuandikia, na dd haiulizi swali kabla ya kuandika. Anayebadilisha nafasi za if na of hufuta alichokusudia kukihifadhi. Ndiyo maana wakaguzi hutumia kifaa cha kuzuia uandishi, na hulinganisha nakala na diski asilia kwa alama ya SHA-256.

4.0 Ushahidi na Matumizi ya Kisera

Utafiti wa Simson Garfinkel na Abhi Shelat, uliochapishwa Marekani mwaka 2003, ulichunguza diski 158 zilizonunuliwa mitumbani. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na kati yake 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Katika nyingine zilipatikana namba za kadi za benki na taarifa za matibabu.

Ukaguzi unaopendekezwa hapa hauhitaji programu ya kununuliwa. Diski ikishaandikwa sifuri kote, husomwa yote kwa dd na matokeo kupitishwa hexdump. Kwa kuwa hexdump huwakilisha mistari inayojirudia kwa nyota moja, diski nzima yenye sifuri tupu hutoa mistari mitatu tu: mstari wa sifuri, nyota, na namba ya mwisho wa diski. Mistari ikizidi hapo, kuna kilichobaki. Matokeo hayo yanaweza kuambatishwa kwenye hati ya uondoshaji.

5.0 Mipaka ya Njia Hii

Diski za SSD huhamisha data kati ya seli bila mfumo wa uendeshaji kujua. Sekta inaweza kusomeka sifuri ilhali seli ya zamani ingali na maudhui. Kwa diski hizo, mwongozo wa 800-88 wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, unatambua njia nyingine, zikiwamo amri ya usafishaji ya kifaa chenyewe, kuangamiza ufunguo wa data iliyosimbwa, na kukivunjavunja kifaa.

6.0 Hitimisho

Taarifa ya raia haifutiki kwa sababu jina la faili limetoweka kwenye skrini. Kanuni za uondoshaji zitaje aina ya diski, njia ya usafishaji na ushahidi wa ukaguzi, nao uthibitishwe na afisa asiyekuwa yule aliyesafisha. Bila ushahidi huo, saini ya afisa inathibitisha tu kwamba saraka ilionekana tupu.