Watu Wajipigiao Chapa Magazeti Yao Wenyewe

Mtu ashikapo gazeti mkononi, aghalabu hudhani kwamba nyuma yake iko kampuni yenye fedha, mashine kubwa na watu wa mishahara. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini katika nchi ya Marekani, tangu karne ya 19, yamekuwapo magazeti ya namna nyingine kabisa. Haya ni magazeti madogo, mengine hayazidi kiganja cha mkono, ambayo mtu mmoja huyaandika, huyapanga herufi na kuyapiga chapa nyumbani kwake, kisha huyapeleka bure kwa watu wengine wafanyao kazi ile ile. Watu hao hawatafuti faida. Wana kazi nyingine ziwalishazo, au wangali shuleni, na gazeti ni shughuli yao ya jioni.

Chanzo cha jambo hili ni mashine. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kwisha mwaka 1865, mafundi kama Benjamin Woods wa Boston na William Kelsey wa Meriden waliuza mashine ndogo za kupigia chapa, ziwezazo kukaa juu ya meza. Ndogo kabisa ziliuzwa kwa dola chache tu. Hata kabla ya hapo walikuwapo vijana wenye kiu hiyo. Thomas Edison, yule ambaye baadaye alijulikana duniani kote kwa uvumbuzi wa mambo ya umeme, alipokuwa na umri wa miaka 15 mwaka 1862 aliuza magazeti ya watu wengine katika treni ya Detroit. Kisha akaweka mashine katika behewa la mizigo, akapiga chapa gazeti lake mwenyewe treni ikiwa inakwenda.

Kazi yenyewe si nyepesi. Kila herufi ni kipande kidogo cha risasi, na herufi zote zimo katika sanduku lenye vyumba vingi. Mpiga chapa huziokota moja moja na kuzipanga katika chombo cha chuma akishikacho kwa mkono wa kushoto. Kwa kuwa kila herufi imegeuzwa kama uso katika kioo, mwanafunzi wa kazi hii huchanganya b na d, na n huifanya u. Mstari ukiisha hufuata mwingine, mpaka ukurasa ujae na kukazwa ndani ya fremu. Ndipo hupakwa wino mzito kwa rola, ikawekwa karatasi, ikagandamizwa. Ukurasa mmoja huchukua jioni kadhaa, na baada ya hayo yote herufi hurudishwa sandukuni, kila moja chumbani mwake, kwa sababu kijana hana herufi za kutosha kupanga ukurasa wa pili. Mtu aliyepata taabu hiyo hujifunza upesi kuandika maneno machache.

Mwaka 1876 baadhi ya vijana hao walikutana katika mji wa Philadelphia, wakaanzisha chama kiitwacho National Amateur Press Association. Kilikuwa na rais, makatibu, mkutano mkuu wa kila mwaka, na gazeti la chama. Chama cha namna hiyo kikaanzishwa Uingereza mwaka 1890, na Marekani kikapata mwenzake, United Amateur Press Association, mwaka 1895. Utaratibu uliokuja kuzoeleka ni huu: kila mwanachama hupiga chapa nakala zitoshazo wenzake wote, huzituma kwa mtu mmoja aliyechaguliwa, naye hufunga nakala za magazeti mbalimbali katika kifurushi kimoja na kumpelekea kila mwanachama. Basi anayetoa gazeti moja hupokea mengi. Vyama pia viliweka wasomaji wa kukosoa, ambao huyapitia magazeti yote na kuandika wazi ni shairi gani limekwenda upogo na ni habari gani haina kichwa wala miguu. Wengine walikasirika, kama inavyotazamiwa.

Posta ndiyo iliyowaumiza zaidi. Sheria ya Machi mwaka 1879 ilisema kwamba nauli nafuu ya magazeti ni kwa yale tu yenye wanunuzi wa kweli walioandikishwa, si kwa yale yagawanywayo bure. Magazeti ya vijana yalikuwa yakibadilishwa na hayakuuzwa, kwa hiyo yalinyimwa nauli hiyo. Mtu mzima mwenye duka hawezi kufahamu hasara iliyoje hiyo kwa kijana wa miaka 16 anunuaye karatasi kwa fedha ya kukata majani ya jirani. Wengi waliacha.

Mwaka huo huo lilitokea jambo lingine kubwa zaidi. Mkutano mkuu ulimchagua Herbert A. Clark wa Cincinnati, mhariri wa gazeti Le Bijou, awe makamu wa tatu wa rais. Clark alikuwa Mwamarekani mweusi. Katika magazeti yaendayo kwa posta hakuna aonaye rangi ya mtu, huonekana tu kama maandishi yake ni mazuri ama mabaya; lakini cheo kilipotajwa, baadhi ya vijana weupe wa majimbo ya Kusini walikataa, na wakataka kuanzisha umoja wao usiompokea mtu mweusi. Clark hakunyamaza. Alikuwa na mashine yake na herufi zake, akajibu katika Le Bijou. Kama angekuwa mwajiriwa katika gazeti la mtu mwingine, huenda majibu hayo yasingechapwa.

Ugomvi wa namna hiyo ulirudi mwaka 1915. H. P. Lovecraft wa mji wa Providence, aliyeingia chamani mwaka 1914 baada ya kujifungia nyumbani miaka mingi, alianza kutoa gazeti liitwalo The Conservative. Huyu ndiye ambaye baada ya kufa kwake mwaka 1937 hadithi zake za kutisha zilipata sifa kubwa, na baadhi ya hadithi zake za mwanzo zilitokea kwanza katika magazeti hayo ya bure. Lakini pamoja na ufundi wa kalamu alikuwa na dharau mbaya kwa watu wa mataifa mengine, naye aliipiga chapa dharau hiyo. Mwanachama mwenzake, James Ferdinand Morton, aliyekuwa amekwisha kuandika kijitabu cha kupinga ubaguzi wa rangi mwaka 1906, alimjibu kwa ukali katika gazeti la mwanachama mwingine. Ajabu ni kwamba watu hawa wawili baadaye walikuwa marafiki wakubwa, ingawa si kweli kusema kwamba Lovecraft aliacha fikira zake kwa sababu ya makala yale.

Mambo mengine ya vyama hivi yalikuwa ya furaha tu. Lovecraft alikutana na mkewe, Sonia Greene, katika mkutano wa wanachama mjini Boston mwaka 1921, na mwaka ule ule bibi huyo alianza kutoa gazeti lake mwenyewe, The Rainbow.

Mwaka 1937 wapenzi wa hadithi za mambo ya sayansi walifuata mfano huo wakaanzisha Fantasy Amateur Press Association. Hawa hawakuhitaji herufi za risasi. Walitumia taipu na mashine ya kudurufu, ile ile iliyojulikana sana shuleni na maofisini, hata mtu asiye fundi aliweza kutoa nakala hamsini kwa usiku mmoja. Sharti lao lilikuwa fupi: mwanachama asiyetoa kurasa 8 kwa mwaka hutolewa, na nafasi yake hupewa anayengoja mlangoni.

Magazeti hayo madogo hupotea upesi, maana karatasi yake ni hafifu na mwenye nyumba akihama huyatupa. Mwanachama mmoja, Edwin Hadley Smith, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuyakusanya. Mkusanyo wake ulipita mikono mingi, ukahamishwa mji hadi mji, na mwaka 2004 ukapokewa na Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, ambako yumkini n nyingi zingali zimepinduka zikasomeka u.