Filamu Zilipokosa Soko

Ndugu msomaji, unajua taabu ya kuwa na mazao ghalani huku soko limefungwa. Mwaka 2020 taabu hiyo iliwapata watengenezaji wa filamu wa Marekani. Ugonjwa wa Korona ulifunga majumba ya sinema katika nchi nyingi. Filamu zilikuwa tayari, lakini watu walikatazwa kukusanyika.

Je, walifanya nini? Wengine walingoja. Filamu ya James Bond, No Time to Die, ilipangwa kutolewa Aprili 2020. Iliahirishwa mara tatu. Uingereza ilionyeshwa Septemba 30, 2021. Filamu haiozi kama nyanya. Lakini fedha iliyotumika hulala bure, na mkopo huzaa riba.

Wengine hawakungoja. Aprili 2020 kampuni ya Universal ilitoa filamu ya Trolls World Tour. Watu walilipa karibu dola 20 kuitazama nyumbani. Kampuni ya AMC, yenye majumba mengi ya sinema, ilikasirika. Ilisema haitaonyesha tena filamu za Universal.

Julai 2020 walipatana. Filamu ingeonyeshwa kwanza katika sinema kwa siku 17 au zaidi. Baadaye ingeuzwa majumbani, na AMC ingepata sehemu ya mapato hayo.

Ndugu msomaji, mwenye mali na mwenye soko hutegemeana. Soko lenu likifungwa, mazao gani yangojee? Yapi yauzwe upesi? Hasara ibebwe na nani? Shaurianeni mapema, kabla soko halijafungwa.