Mwalimu na Dhamana ya Mwanafunzi

Mwalimu aipimeje kazi yake? Wengi hutazama matokeo ya mitihani. Kipimo hicho kina haki yake, lakini hakimtaji mtoto aliyetoka shuleni kabla ya kuufikia mtihani. Kwa sababu hiyo twaona vema kueleza mambo matatu yaipasayo dhamana ya mwalimu.

Kwanza, amjue mwanafunzi kabla ya kumhukumu. Tutazame Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, ambao tangu mwaka 2012 ni Wilaya ya Nyasa. Milimani, mtoto huhitajika shambani majira ya kuchuma kahawa; Liuli na Mbamba Bay, mtoto wa mvuvi huenda amekesha na nyavu. Akisinzia darasani, ni rahisi kumwita mvivu, na jina hilo laweza kumkaa maisha yote. Tena, mtoto wa Kimatengo aliyeshiriki kilimo cha ngoro amekwisha kuona jinsi majani yanavyolazwa na kufunikwa kwa udongo, na jinsi mashimo yanavyozuia mvua isiuchukue udongo wa mteremkoni. Huyo haji shuleni mtupu. Mwalimu mwenye busara huanzia hapo.

Pili, ajichunguze mwenyewe. Martin Luther aliposhiriki kukagua sharika za Saksonia mwaka 1528, aliwakuta watu hawajui misingi ya imani, na wachungaji wengi hawawezi kufundisha. Hakuishia katika kulaumu. Mwaka 1529 alitoa Katekisimo Ndogo, kwa maneno mafupi, hata mzazi aweze kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Basi mwanafunzi asipoelewa, swali la kwanza lielekee ufundishaji. Yakobo naye, katika sura ya 3 ya waraka wake, aonya kwamba hukumu ya waalimu itakuwa kubwa zaidi.

Tatu, ampokee aliyerudi. Novemba 2021 Serikali iliwaruhusu wasichana walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito warejee katika shule za serikali. Waraka waweza kufungua lango la shule, lakini hauwezi kuutawala ulimi wa mwalimu. Msichana akitajwa kwa dhihaka mbele ya wenzake, ataondoka tena, na safari hii hakuna kanuni iliyomfukuza. Nasi wachungaji tusijitenge na neno hili, kwa maana binti huyo huyo huketi katika darasa letu la kipaimara. Akiaibishwa kanisani, atapata wapi ujasiri wa kurudi shuleni?

Kwa hiyo, ndugu zetu mnaojiandaa kwa utumishi, hatuna budi kuwa na desturi ya kujihoji kila mwisho wa muhula. Tuchukue daftari la mahudhurio, tusome majina yaliyokoma katikati, na kwa kila jina tuulize: Je, tulijua sababu? Je, yupo aliyemfuata nyumbani? Na kama ni neno letu lililomwondoa, tumwendee mapema, kabla muhula mwingine haujaanza.