Bagamoyo hadi Tanga: Mwambao Ulioamuliwa na Kina cha Maji

Kati ya Bagamoyo na Tanga, kaskazini mwa pwani ya Tanzania, zimo bandari nne zilizowahi kugombea biashara moja: Bagamoyo, Saadani, Pangani na Tanga. Kilichoamua ugomvi huo ni kina cha maji. Jahazi lilitaka ufukwe mpana wa mchanga, likae juu maji yakipwa na lielee yakijaa. Meli ya mvuke ilitaka bandari yenye kina. Meli zilipoanza kutawala bahari, Tanga peke yake ndiyo iliyofaa, na zile nyingine zikabaki na majumba yao ya mawe, kwa kuwa hakukuwa na fedha ya kuyabomoa na kujenga mapya. Ndiyo maana mwambao huu unastahili siku nne au tano, wala si kupitwa tu njiani.

Bagamoyo iko kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam, ikiitazama Unguja. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyotoka bara iliishia hapa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868 na kuwapa makazi watu waliokombolewa utumwani. Katika misheni hiyo ndimo mwili wa mpelelezi David Livingstone ulimolazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Wajerumani waliufanya mji huu makao yao makuu, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam, kwenye bandari bora. Kilomita 5 kusini yako magofu ya Kaole, mji wa tangu karne ya 13, wenye misikiti miwili na makaburi ya nguzo. Anayetoka Kaole arudi mjini mapema awahi mnada wa samaki ufukweni, ambako pweza, changu na kamba hununuliwa wabichi na kukaangwa papo hapo.

Mapishi ya pwani hii yanasimama juu ya nazi. Hukunwa kwa mbuzi, ikakamuliwa kwa kifumbu. Tui la kwanza, zito, ndilo kasimele, huwekwa kando. Tui jepesi la pili na la tatu huivisha wali, mbaazi au kisamvu, na kasimele humiminwa mwishoni, chungu kikikorogwa polepole lisikatike. Kwa samaki wa kupaka, changu hupasuliwa na kuchomwa kwa mkaa, kisha hupakwa kasimele iliyopikwa kwa kitunguu saumu, pilipili na ndimu, akarudishwa motoni mpaka rojo limgande. Chakula hiki hakitaki haraka, na mgeni anayekiagiza akiwa amekwisha kushikwa na njaa atateseka. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi hufungwa mchana, lakini jioni za futari ndizo zenye vyakula vingi kuliko wakati wowote wa mwaka.

Karibu na Mto Wami huanza Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambako wanyama wa nyika hufika hadi ufukweni. Viboko na mamba wamo mtoni. Kijiji cha Saadani kilikuwa ngome ya Bwana Heri, aliyepigana na Wajerumani hadi 1890.

Vita hivyo vilianzia Pangani, Agosti 1888, kampuni ya Kijerumani ilipotaka kutwaa forodha na kupandisha bendera yake. Abushiri bin Salim aliyeviongoza alinyongwa mjini humo tarehe 15 Desemba 1889. Katika bandari zote nne, Pangani ndiyo inayofaa kulala siku mbili. Mto unaotoka Kilimanjaro na Meru unamwaga maji hapa, na fungu la mchanga mlangoni mwake ndilo lililozuia meli kubwa. Mji uko ukingo wa kaskazini, Bweni ukingo wa kusini, na kwa miaka mingi watu wamevuka kwa kivuko. Nyuma ya boma la zamani kuna vichochoro vyenye milango ya nakshi, mingine ikioza kwa kukosa matunzo, jambo la kusikitisha kwa mji wenye historia nzito namna hii.

Njiani kwenda Tanga, mwendo wa kilomita 50 hivi, yako magofu ya Tongoni: msikiti na makaburi 40 hivi. Karibu na mwambao huo baharia Mreno Vasco da Gama aliichoma moto meli yake São Rafael mwaka 1499, kwa kuwa mabaharia waliosalia hawakutosha kuiendesha.

Tanga yenyewe ilipata reli. Ujenzi ulianza 1893, ukafika Moshi 1911, na mkonge ukaujaza mji wafanyakazi kutoka kila upande. Mitaa ya Ngamiani imenyooka na barabara zake zinaitwa kwa namba. Mshairi Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, jirani na mji, mwaka 1909. Mapango ya Amboni, yaliyochimbwa na maji ndani ya mawe ya chokaa, yako kilomita 8 kaskazini. Jioni kuna mishikaki, muhogo wa kuchoma na kahawa chungu kwa kashata, na machungwa ya Muheza huuzwa kila kona msimu wake unapofika.

Masika, Machi hadi Mei, si wakati wa safari hii, kwani udongo wa Saadani hunasa magari. Juni hadi Oktoba njia ni kavu na joto limepungua.