Ufito wa Ndoana Ukivunjika

Sogeeni, wajukuu zangu. Hadithi ya leo ina kisu, tyubu ya baiskeli na kambale mkaidi.

Hapa Kishapu mvua ikishanyesha na malambo yakajaa, watoto hushika njia na fito mabegani. Humo majini wamo perege, na yumo kambale, bwana wa sharubu nane. Huyu hupumua hata hewa yetu ya nje, ndiyo maana lambo likikaribia kukauka bado mtamkuta hai kwenye tope. Akinasa ndoana, huzama na kuvuta. Ufito hupinda, hupinda tena, mara kwaa!

Msiutupe. Fungueni ndoana mwiweke mbali, kisha mtazame palipovunjika. Upande wa nje wa pindo, nyuzi za mti zilivutwa mpaka zikakatika. Upande wa ndani zilibanwa mpaka zikakunjamana. Pakiwa na matundu ya wadudu, kateni mpaka mti mzima.

Wengi hugusanisha vipande ncha kwa ncha, wakazungushia kamba. Kazi hiyo haidumu, kwa sababu ufito ukipinda tu ncha zinaachana. Chongeni kila kipande mshazari mrefu, mara nane ya unene wake: ufito wa sentimita 1 uchongwe sentimita 8. Hapo mti unalaliana na mti, na nguvu ya samaki inagawanyika kwenye eneo kubwa. Kisu kielekee mbali na vidole, na aliye mdogo amwachie kaka au dada. Lazeni vipande pamoja, inueni juani. Mwanga ukipenya katikati, kwangueni tena. Mimi hapa sina haraka hata kidogo; kiungo chote kinategemea hatua hii.

Pakeni gundi ya mbao, nyembamba. Mwombeni fundi baiskeli tyubu iliyochoka, mkate ukanda wa sentimita 1. Uvuteni kwa nguvu huku mkiuzungusha, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia. Mpira unataka kurudi ulivyokuwa, basi unabana, na kila mzunguko unaongeza. Acheni mpaka kesho. Kisha vueni mpira, mzungushie uzi imara, mizunguko ikigusana, na mpake gundi juu yake ili maji yasiingie.

Na kama ncha ilikwenda na samaki? Nendeni kwa mwenye ngitili, mwombe ruhusa ya kukata kijiti cha mkole. Miti hiyo msiione ya kawaida. Zamani Shinyanga ilikatwa miti hadi ikaitwa jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na wazee wakahimizwa kurudisha ngitili, yale malisho yanayofungwa wakati wa masika ili yapone. Kijiti kibichi kikaukie kivulini kwanza, maana kikisinyaa ndani ya kiungo, uzi utalegea.

Kabla ya kwenda lamboni, tundikeni kwenye ncha chupa ya lita 1 iliyojaa maji. Hiyo ni kilo 1. Inueni polepole, masikio wazi. Kiungo kikilia, kifungueni mkaanze upya kwenye mshazari.

Akija kambale mkubwa, msimnyanyue kwa ufito. Rudini nyuma mkimkokota hadi nchi kavu, na mnapomshika muiangalie ile miiba miwili ya mapezi ya kifuani, inachoma kwelikweli.